Malalamiko kuhusu bili ya maji ambayo hayakufika

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Maji ya Kaunti.

Bwana Meneja,

KUH: BILI YA YUNITI 14 NA MITA INAYOHESABU HEWA

Bili yenu ya mwezi uliopita inasema nyumba yangu imetumia yuniti 14. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Kwa hesabu hiyo, watu sita tumemaliza mitungi 700. Mwezi huo maji yalikuja mara nne tu, tena usiku, na tarehe zote nimeziandika kwenye kalenda ya jikoni. Tangi langu ni la lita 1,000. Hata kama ningelijaza pomoni mara zote nne, hizo ni yuniti 4.

Usiku wa tatu niliamka saa tisa kukinga maji. Nilipofungua mfereji ulifoka upepo, ukakohoa, bila tone. Nikachukua tochi nikaenda kuangalia mita pale ukutani. Kile kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka mbio na tarakimu zinasogea, huku ndoo yangu ikiwa kavu. Baadaye sana ndipo maji yakaanza kuja, rangi ya chai. Bomba likikaa tupu wiki nzima hujaa hewa, na maji yakirudi huisukuma hewa hiyo hadi kwenye mita zetu. Nilipomweleza msomaji mita wenu, alinijibu kwamba kazi yake ni kusoma namba.

Maji ya kupikia na kuoga nimenunua kwa mkokoteni, shilingi 30 mtungi. Yuniti moja kwa bei hiyo ni shilingi 1,500. Sasa mnataka niwalipe na nyinyi pia kwa maji ambayo sikuyaona.

Sisemi kazi yenu ni nyepesi. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma za maji, na mkarithi mabomba yaliyolazwa zamani, mji ukiwa mdogo. Kwenye mkutano wa wadi afisa wenu alitueleza deni la umeme wa pampu na wateja wasiolipa. Nilimsikiliza, na yote mawili nayaamini. Ila hakugusia maji yanayopotea. Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, imeripoti mwaka baada ya mwaka kwamba nchini kote zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaleti malipo: yanavuja, yanaibwa au hayapimwi. Kiwango inachokikubali hakizidi asilimia 25.

Mimi hayo nayaona kwa macho. Karibu na shule ya msingi bomba lenu limepasuka tangu Mei. Maji yakifunguliwa, barabara inakuwa mto, na akina mama wanainama kuyachota kwa vikombe kutoka kwenye tope. Yakifungwa, lile tope linanyonywa ndani ya bomba, na usiku unaofuata linatufikia majumbani. Mtaa huu unakijua kipindupindu. Nimeripoti ofisini kwenu mara tatu, na kila mara naambiwa mafundi wako njiani.

Naomba mita yangu ipimwe mbele yangu na bili isahihishwe. Naomba bomba la shuleni lizibwe kwanza, kabla ya kumkatia maji mtu yeyote wa mtaa huu, na ule mfumo wa kutolea hewa kwenye bomba kuu urekebishwe. Ratiba ya mgao nayo ifuatwe, na ikibadilika mtutumie ujumbe wa simu kama mnavyotutumia bili. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Nisipojibiwa kwa siku 14 nitayapeleka malalamiko haya WASREB.

Yuniti 4 nimezilipa, na risiti nimeiambatanisha. Pamoja nayo ziko picha mbili za mita nilizopiga usiku ule, ya saa 9:10 na ya saa 9:35, na ya tatu ni ya ndoo ilivyokuwa wakati huo.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu wa miaka 11.