Mtahini asitoke chumbani, na mgonjwa naye aulizwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme machache kuhusu mitihani ya vitendo ya wanafunzi wa udaktari. Mimi si daktari wala mwalimu. Mimi ni mgonjwa wa mtihani. Utotoni niliugua homa ya baridi yabisi, ikaniachia valvu iliyobana, yaani kilango cha damu ndani ya moyo, ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini cha upande wa kushoto wa moyo. Madaktari husema sauti ya moyo wangu ni ya kufundishia, kwa hiyo msimu wa mitihani ukifika huitwa, nikavua blauzi na kulala, na vijana wakaja mmoja mmoja kunisikiliza.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya hoja ninayoisikia mara kwa mara, kwamba mtihani huu ni ghali, unachosha, na kwamba maswali ya kuchagua jibu kwenye kompyuta yanatosha. Wenye hoja hiyo hupenda kutaja Marekani, ambako mtihani wa kitaifa wa vitendo kwa wanaotafuta leseni ulisimamishwa mwaka 2020 kwa ajili ya Uviko-19, kisha ukafutwa kabisa Januari 2021. Ni kweli ulifutwa. Ila vyuo vya huko vyenyewe havikuacha kuwapima wanafunzi wao kwa vitendo, na hilo hawalitaji.

Wacha nieleze kinachotokea kitandani. Sauti ya valvu yangu ni nzito, ya chini sana, na haimfikii kila anayenibandika stetoskopu kifuani. Sharti unilaze kwa ubavu wa kushoto. Sharti utumie ule upande mdogo wenye umbo la kengele, uuweke pale moyo unapogonga, tena kwa wepesi, kwa sababu ukikandamiza ngozi inakazika na sauti inapotea. Halafu uniambie nitoe pumzi nitulie kidogo. Mwanafunzi anaweza kuyaandika hayo yote kwenye karatasi bila kukosea hata herufi, kisha akaja kwangu akanisikiliza nikiwa chali, kupitia sidiria, akashukuru akaondoka. Mimi hujua aliyesikia na asiyesikia. Aliyesikia husimama ghafla, hupumua taratibu, macho yake hayanitazami tena. Asiyesikia huhamisha chombo huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Kuna mtindo wa zamani wa kutahini, ambao baadhi ya mahali bado unatumika, ambapo mwanafunzi huachwa na mgonjwa karibu saa nzima peke yao, kisha akaenda kwa watahini kueleza alichokiona. Nimelala kwenye mitihani ya namna hiyo. Mtahini hayupo. Shahidi ni mimi, na hakuna anayeniuliza. Alikuja kijana mmoja, akatumia muda wake wote kuandika maelezo yangu kwa mwandiko mzuri sana, kifua changu hakukigusa, na baadaye niliambiwa kwamba ameieleza sauti ya moyo wangu kwa ufasaha. Atashindwaje? Habari za "yule mama wa valvu" huzunguka kwenye korido tangu asubuhi. Wengine hawajisumbui hata kuficha: "Mama, wenzetu waliotangulia wamesema ni valvu ipi?" Mimi huwajibu, maana sijawahi kuambiwa nisijibu.

Kwa hiyo mtihani wa vituo ulipoletwa nilifurahi. Mfumo huo aliuandika Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, mwaka 1975. Wanafunzi huzunguka kituo hadi kituo kwa dakika chache kila kimoja, kengele inalia, wote wanakutana na kazi zilezile, na kwenye kituo chenye mgonjwa yupo mtahini anayetazama kwa macho yake. Uzuri wake mwingine nimeuona mwenyewe. Binti aliyenipima moyo kwa ustadi wa kutamanisha alifika kitanda cha pili, kwa mzee mwenye goti lililovimba, akaduwaa asijue aanzie wapi. Umahiri katika ugonjwa mmoja haukuhakikishii umahiri katika mwingine, ndiyo maana vituo huwa vingi. Wanaotaka kuvipunguza ili kuokoa gharama wajue wanachopunguza.

Lakini vituo navyo vimezaa tabia zake. Mtahini ana karatasi ya kutia tiki: amenawa mikono, amejitambulisha, ameomba ruhusa, ameuliza kama kuna maumivu. Basi wanafunzi wamekariri karatasi. "Pole sana mama" naambiwa kabla sijasema kinachonisumbua. Kijana ananiuliza kama nina maumivu, ninapofungua mdomo kujibu tayari ananigonga kifua. Tiki amepata. Daktari mzoefu, kwa upande mwingine, huuliza maswali mawili matatu akaelewa tatizo lilipo, na kwenye karatasi ya namna hiyo anaonekana ameruka mambo. Si dhana yangu. Utafiti uliofanywa Canada miaka ya 1990 uliwapitisha madaktari wazoefu na wanafunzi kwenye vituo vilevile, na wazoefu wakapata alama ndogo kuliko wanafunzi kwenye karatasi za tiki. Dawa yake ni kumruhusu mtahini anayeijua kazi atoe pia alama ya jumla, kwa jinsi alivyomwona mwanafunzi akimhudumia mtu, na alama hiyo iwe na uzito.

Na hata hapo siku ya mtihani ni siku ya mtihani. Mwaka 1990 Mmarekani George Miller alipanga ngazi nne: mtu anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha anavyofanya, na juu kabisa anatenda kazini. Vituo vinaishia ngazi ya tatu. Ya nne inaonekana wodini tu, siku ya kawaida, mwalimu akisimama robo saa amtazame mwanafunzi na mgonjwa wake halisi, kisha amwambie palepale alichokosea. Utaratibu huo upo na una fomu zake. Ninapolazwa huona jinsi fomu hizo zinavyojazwa: mwanafunzi anamkimbilia daktari mlangoni, daktari anaegemeza karatasi ukutani, anatia saini, anaondoka. Hakumtazama mtu yeyote. Mkitaka kubana matumizi, anzeni kwa kuifanya kazi hiyo ambayo haihitaji jengo wala kengele, inahitaji mwalimu asimame.

Nina ombi moja zaidi. Mwaka 1963 huko Marekani daktari Howard Barrows alianza kuwafundisha watu wazima wa afya waigize ugonjwa, na leo waigizaji hao, mahali pengi, hupewa nafasi ya kutoa alama au maoni yao. Sisi wenye ugonjwa wa kweli tunachukuliwa kama vifaa. Tuulizwe nasi. Sisemi nipime ujuzi wa daktari kuhusu valvu, hilo silijui. Lakini aliyenifunika shuka alipomaliza namjua. Aliyeniumiza akaona uso wangu umekunjamana na bado akaendelea namjua, na mtahini aliyekaa upande wa miguu yangu pengine hakuuona. Mstari mmoja chini ya karatasi ungetosha: je, ungekubali huyu akutibu tena?

Na wanaopanga ratiba wakumbuke kwamba mtu mwenye valvu iliyobana akilala muda mrefu huanza kuhema. Tuwekwe wawili wenye ugonjwa mmoja tupokezane, na anayepumzika apewe kiti cha kuegemea. Kijana anayeingia mwisho, nikiwa nimeshachoka na moyo unakwenda mbio, anaisikia sauti kwa shida kuliko aliyeingia wa kwanza, na alama zao zinaandikwa kana kwamba wamempima mtu yuleyule.

Wako,
Mama wa valvu
(Jina na anwani vimehifadhiwa)