Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya usafi: ndege mnandi amefia mkononi mwangu

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni yule mvuvi wa ndoano aliyekushikia mwavuli siku ile ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ulipovaa glavu mpya, ukaokota chupa mbili, kamera zikazimwa, ukapanda gari. Kabla ya kupanda ulituahidi pubele tatu, yaani mapipa ya taka, pale ufukweni "kabla ya tarehe 30 mwezi wa sita". Mwaka hukuutaja. Hilo ni kosa letu sisi wasikilizaji.

Alhamisi alfajiri nilimkuta mnandi kwenye mawe, bawa limefungwa na uzi wa nailoni, ndoano imemwingia pembeni ya mdomo. Uzi ule majini hauonekani. Ndiyo maana sisi wavuvi tunaupenda, na ndiyo maana ndege anauingia. Mtoto wa jirani alileta wembe, tukakata polepole huku ananidonoa vidole. Alipofunguka hakuruka. Alinifia mkononi, mifupa mitupu, nadhani alikuwa na siku nyingi hajala.

Mtoto wa baba yangu mdogo anaishi Marekani. Mwaka jana alinitumia kopo la chambo bandia: vijisamaki vya plastiki vyenye ndoano tatu tatu, na minyoo ya plastiki laini inayonukia kama bonboni. Kule wanavulia samaki aitwaye bass, mwenye mdomo mpana na mroho kweli, anarukia chochote kinachotikisika. Kenya walimpandikiza katika ziwa Naivasha tangu 1929. Hapa kwetu ziwa Kivu hayupo, na tilapia wetu aliutazama ule mnyoo kama ofisi yako inavyozitazama barua zetu. Nilivua sashe nne, vile vimfuko vya plastiki, na kandambili moja. Minyoo miwili ilikatikia kwenye mawe, iko huko hadi leo, na samaki akiimeza haisagiki tumboni.

Kwa hiyo sijitoi, Mheshimiwa. Uzi uliomuua mnandi pengine ni wangu. Uzi ukijisokota naukata, halafu? Siku nyingine nautia mfukoni. Siku nyingi nimeuacha palepale.

Ndugu yangu ananiambia kwao, mahali pa kushushia mitumbwi, wamesimamisha kipande cha bomba la plastiki kwenye nguzo, mvuvi anatumbukiza humo uzi wake mbovu. Bomba tu! Na Uingereza mwaka 1987 walikataza kuuza vipande vidogo vya madini ya risasi vya kuzamishia ndoano, kwa sababu batamaji walikuwa wanavimeza na kufa kwa sumu. Wakubwa wazima walikaa wakatunga sheria kwa ajili ya bata.

Sisi pia, hapa Kongo, sheria tunayo. Ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, waliikataza tangu 2008. Huku kwetu mvua ikinyesha, mto Kawa unatuletea ziwani soko zima. Watu wa mtaa wa Ibanda wanasema ni watu wa mtaa wa Kadutu. Mimi nasema ni sisi sote, na wauza maji ya sashe zaidi. Takataka zinakwenda kuziba baraje ya Ruzizi I, bwawa la umeme, umeme unakatika, tunalala gizani. Wewe una jenereta.

Zamani nilirudi nyumbani na ndoo. Sasa narudi na samaki watatu, wanne, na mtoto wangu wa pili amefukuzwa shuleni kwa minerval, yaani karo. Labda ni plastiki, labda ni vyandarua vya mbu ambavyo watu wanazolea hata vifaranga vya samaki wadogo wa sambaza. Mke wangu anasema ni uvivu wangu. Lakini yeye haoni ninachokitoa majini.

Zile pubele tatu ziache, Mheshimiwa. Hata moja iache. Bomba nimeshapata kwa fundi, kipande cha mita moja. Naomba ruhusa ya kulipigilia kwenye nguzo ya pale ufukweni, kwa sababu mara ya mwisho nilipobandika kibao cha "Usitupe uzi hapa", kijana wako alikuja kunidai taksi, yaani kodi, ya matangazo. Ruhusa tu. Karatasi moja yenye muhuri.

Misumari ninayo.

Mvuvi wako, Bukavu