Mwakilishi wa wanawake akae muhula mmoja tu

Mhariri,

Mimi huuza mahamri na mbaazi Langoni, mjini Lamu, na siasa huisikia barazani kwangu kabla chai haijachemka. Juzi mpwa wangu alitamka kwamba 2027 anautaka udiwani. Mzee mmoja, mteja wangu wa miaka, akajifuta mafuta vidoleni kwa kipande cha gazeti (lenu, samahani), akamwambia: "Mwanangu, hicho waachie waume. Nyinyi mna kiti chenu." Wenzake wakaitikia, hata wale ambao deni langu hawajalipa.

Kiti chetu, yaani cha mwakilishi wa wanawake bungeni, mmoja kwa kila kaunti! Hebu tukipime. Anayetaka udiwani huzunguka wadi yake. Anayetaka uwakilishi wa wanawake sharti aisake kaunti nzima, sawasawa na gavana: Kiunga kule karibu na mpaka wa Somalia, Faza, Pate, kisha avukie Mokowe apande gari mpaka Mpeketoni na Witu. Mafuta ya boti peke yake yatamaliza faida yangu ya mwaka. Msichana asiye na kitu ndiko anakosukumwa huko, na wanaomsukuma wanaona wamemfanyia hisani.

Viti hivyo 47 sivipingi. Bila hivyo Bunge lingekuwa baraza la waume. Lakini Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili. Katika wabunge 349, wanawake walitakiwa wasipungue 117. Hesabu wote waliopo, wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa, hata 90 hawafiki. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa sababu hiyo hiyo. Halikuvunjwa.

Sisi Lamu njia tumeshaiona. Ruweida Obo alichaguliwa mwakilishi wa wanawake 2017. 2022 akakiacha kiti hicho, akawania ubunge wa Lamu Mashariki, akashinda. Basi sheria iseme: muhula mmoja, ukiisha mwenyewe aende jimboni au Seneti, ampishe mwingine naye ajifunze. Najua wenye viti hawatanipenda.

Mpwa wangu yuko palepale na wadi yake. Mzee naye alirudi jana, akataka mahamri manne kwa deni. Nikamwambia akakope kwa waume.

Muuza mahamri,
Langoni, Lamu