Mtihani wa pikipiki huangusha watu kwenye mwendo wa pole

Mhariri,

Shule za udereva za hapa Mombasa hutoa wanafunzi wa pikipiki wanaoweza kwenda Mtwapa na kurudi bila taabu, lakini wakiambiwa wazunguke koni mbili kwa mwendo wa mtu anayetembea, mguu unagusa chini kabla duru ya kwanza haijaisha. Wanaoshangaza zaidi ni wale waliobeba abiria miaka kadhaa kabla ya kutafuta leseni. Pikipiki ikishashika kasi hujisimamisha yenyewe, na aliye juu yake hudhani ni yeye anayeisimamisha. Ikipunguza mwendo ndipo inapojulikana nani anaijua.

Tunaloona ni kwamba mazoezi hupangwa kinyume. Mwanafunzi hufundishwa kuondoka, kupandisha gia na kukimbia, kisha kuzunguka umbo la nane na koni huachiwa siku za mwisho kama jambo la kumalizia. Ingefaa aanze na mwendo wa pole, aukalie mpaka uingie mwilini, ndipo atolewe barabarani.

Kabla ya yote ahakikishe amejiandikisha daraja la leseni linalomfaa. A2 ni ya pikipiki ya kujiendea mwenyewe. Anayetaka kubeba abiria, kupeleka vifurushi au kuendesha tuktuk anahitaji A3. Wapo wanaolijua hili wakiwa tayari wamelipia lisilo lao.

Jingine ni pikipiki yenyewe. Mwanafunzi afanye mazoezi kwa ile ile atakayotahiniwa nayo, au angalau ya aina ile ile. Baadhi ya pikipiki za kazi zina gia zote za kukanyaga mbele. Nyingine gia ya kwanza iko chini na zilizobaki hupandishwa juu. Aliyezoea moja akikalishwa kwenye nyingine atapunguza gia pale alipotaka kuongeza, na gurudumu la nyuma litavuta ghafla katikati ya zoezi. Klachi nayo irekebishwe: ncha ya mkono wake icheze bure milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta. Ikikazwa mno klachi huteleza, ikilegea mno gia hukataa kuingia na nyutro haipatikani. Cheni ya pikipiki nyingi za injini ya cc 100 hadi 150 hutakiwa kucheza milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini, na kitabu cha pikipiki ndicho cha kufuatwa. Cheni iliyolegea hurusharusha pikipiki kila unapogusa aksileta, na mwanafunzi hujilaumu bure. Hewa ya chumvi ya huku pwani hula cheni haraka, kwa hiyo ile iliyokaa juma zima bila mafuta haifai kwa mtihani. Matairi ya bodaboda mara nyingi hujazwa upepo wa kubebea mzigo. Kwa mtu mmoja, takriban psi 25 mbele na 28 nyuma hutosha kwa nyingi ya pikipiki hizi. Tairi gumu mno hudunda na kushika lami kidogo.

Sasa mwendo wa pole. Siri yake iko katika vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja: aksileta iliyotulia, klachi iliyoachiwa nusu, na breki ya mguu iliyogusiwa kidogo. Aksileta ifunguliwe kiasi cha injini kunguruma bila kuhangaika, kisha iachwe hapo. Mwendo uongozwe na klachi, uiachie kwa upana wa kucha ukitaka kusonga, uivute kwa upana huo huo ukitaka kupunguza. Breki ya mguu huivuta pikipiki nyuma huku injini ikiisukuma mbele, cheni ikabaki imenyooka, na mtikisiko ukaisha. Wengi huogopa kwamba klachi itaungua. Klachi ya pikipiki hizi huzama kwenye oili, haiko kama ya gari, na huvumilia mazoezi ya namna hii ilimradi upumzike kila baada ya dakika chache injini isichemke.

Breki ya mkono, yaani ya gurudumu la mbele, isiguswe kabisa wakati usukani umekatwa. Gurudumu la mbele likiwa limegeuka, breki hiyo huikunja pikipiki ndani na kuilaza kabla hujajua kilichotokea. Wengi wanaoanguka kwenye nane wameangushwa na vidole viwili vilivyokuwa vimelala juu ya mkono wa breki bila kazi. Viondolewe.

Mazoezi yenyewe hayahitaji uwanja wa fahari. Jaza mchanga chupa sita za maji, tafuta mahali tambarare pasipo na magari, weka mbili kwa umbali wa mita 8 na uzizunguke kwa umbo la nane. Ukizunguka mara kumi bila kushusha mguu, zisogeze ziwe mita 7, kisha 6. Halafu zipange zote sita kwa mstari, mita 4 hadi 5 kati ya moja na nyingine, upite ukizipinda. Magoti yabane tangi. Unapokata kona kali, pikipiki ilale ndani na mwili wako ubaki wima au uegemee nje kidogo. Ukilala pamoja nayo kwa mwendo huo itakushinda uzito. Macho ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Pikipiki huenda unakotazama. Ukiikodolea chupa utaigonga, na ukitazama ardhi mbele ya gurudumu mguu utashuka. Geuza kichwa mpaka kidevu kielekee begani, utazame chupa inayofuata wakati bado unaizunguka hii ya sasa.

Breki ni somo ambalo mtaani limeharibiwa na imani moja, kwamba breki ya mkono humrusha mtu mbele. Ndiyo maana madereva wengi wa bodaboda hutumia ya mguu peke yake kwa miaka. Ukweli ni kwamba unapofunga breki uzito mwingi huhamia mbele. Tairi la mbele hukandamizwa na kushika zaidi, la nyuma hupungukiwa na kuteleza upesi. Kwenye lami kavu sehemu kubwa ya nguvu ya kusimama hutoka mbele. Anayerushwa ni yule aliyeikamata kwa pupa. Inatakiwa ibanwe kwa hatua mbili, kwanza kidogo uzito uhamie mbele, kisha zaidi na zaidi, huku ya mguu ikisaidia. Klachi ivutwe mwishoni injini isizime, mguu wa kushoto ndio ushuke, wa kulia ubaki kwenye breki. Ukisikia tairi la mbele linaanza kuteleza, achia mara moja ubane upya.

Anza na kilomita 20 kwa saa, kisha 30, kisha 40, kila mara kwa mstari ulionyooka. Kwa kilomita 50, ambao ndio mwisho wa kasi mjini, unapita karibu mita 14 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kushtuka na kisha ukafunga breki vizuri, utakuwa umemaliza kama mita 30 kabla ya kusimama. Mwanafunzi aipime mita 30 kwa miguu yake kabla hajapanda. Huenda ikabadilisha anavyofuata trela za makontena kati ya Kibarani na Miritini, zinazodondosha oili njia nzima. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua oili hiyo juu ya lami, na siku hiyo tusingemshauri mtu kujaribu breki za ghafla. Mchanga wa barabara zinazoelekea ufukweni Bamburi na Shanzu nao ni adui wa tairi la mbele.

Halafu kuna makosa ya mazoea, yasiyo na uhusiano wowote na nguvu wala kipaji. Indiketa ya pikipiki nyingi haijizimi kama ya gari. Umeshakata kona, bado inawaka, na aliye nyuma yako anaamini unageuka tena. Kidole gumba kizoee kuizima kila baada ya kona. Vioo havionyeshi kila kitu, kuna kipande kando ya bega ambamo tuktuk nzima hujificha, kwa hiyo kabla ya kuondoka na kabla ya kubadilisha njia geuza shingo utazame begani. Ugeuze kiasi cha mtahini kuona helmeti imegeuka, kwa sababu macho yaliyotupwa pembeni ndani ya kioo cha helmeti hayahesabiki. Stendi ya pembeni nayo: baadhi ya pikipiki huzima injini zikiingizwa gia stendi ikiwa chini, nyingine hazizimi, nawe ukipinda kushoto inachoma lami na kukutupa.

Kuondoka kwenye mlima huwashinda watu wa kisiwani kwa kukosa mlima. Changamwe na Mikindani kuna miinuko ya kutosha. Simama ukishikilia breki ya mguu wa kulia, mguu wa kushoto chini, gia ya kwanza. Ongeza aksileta kidogo, achia klachi taratibu mpaka usikie injini inazama na pikipiki inainuka mbele, hapo ndipo breki iachiwe. Anayeachia breki kwanza hurudi nyuma. Anayeachia klachi upesi huzimikiwa na injini.

Mji wa kuchezea, ile bodi ya barabara ndogo ya mtihani, ni wa kukariri na hauna siri: tunapita kushoto, aliye ndani ya mzunguko upande wako wa kulia ndiye mwenye haki, na useme kwa sauti unachofanya.

Mavazi yaangaliwe mapema. Helmeti ifungwe kamba, koti la kuakisi mwanga livaliwe juu ya nguo nyingine zote. Champali ziachwe nyumbani, kwani kidole cha mguu hakiwezi kupandisha gia kwa usahihi na wayo haushiki breki vizuri. Kanzu, leso au buibui linalopepea hunaswa na cheni iliyo wazi au na spoku za nyuma. Dada zetu wanaojifunza, ambao wanaongezeka, wavae suruali na kulikunja buibui mpaka juu ya magoti. Msimu wa kusi, anayepita Daraja la Nyali kwenda mazoezini ategemee upepo wa ubavuni. Alegeze mikono na kubana magoti. Anayekamata usukani kwa nguvu ndiye anayeyumba.

Kwa wenye shule tuna ombi. Msimpeleke mwanafunzi mtihani mpaka amezunguka nane ya mita 6 mara tano mfululizo kwa kila upande, na amesimama kutoka kilomita 40 mara tano bila gurudumu kuteleza, mwalimu akiwa amesimama kando na daftari. Pande zote mbili, kwa sababu karibu kila mtu ana upande mmoja unaomtii na mwingine unaomkataa, na huo wa pili ndio huachwa bila kufanyiwa mazoezi. Na pikipiki za shule ziwe na vioo viwili. Ni vigumu kumdai mtu atazame kioo ambacho kiliondoka na skrubu zake.

Wakufunzi wa pikipiki,
Mombasa