Barua kwa mwanangu: lile swali lako la kongosho

Mwanangu, marahaba. Juzi kwenye simu uliniuliza kwanini wasitengeneze tu seli zingine za insulini wakuwekee, mama yako akadaka simu akaanza habari za sare, basi nakujibu huku.

Kwanza kisukari chako hakikuletwa na soda kama bibi anavyosema, seli beta zako, zile za kongosho zinazotengeneza insulini, hazikufa kwa soda, ni kinga ya mwili wako ndo ilizishambulia. Kutengeneza zingine wanatengeneza, wanachukua seli shina ambazo bado hazijaamua ziwe nini, wanazipa kemikali hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa zifuate njia ileile ya mtoto akiwa tumboni. Ila zamani zilikuwa zinatoka ovyo, seli moja inatoa insulini na glukagoni kwa pamoja, yaani inashusha sukari na kuipandisha saa hiyohiyo, ya nini sasa? 2014 ndo maabara ya Douglas Melton kule Harvard wakapata zinazoitikia sukari.

Sasa kujua zinakwama wapi wanatumia CRISPR, yaani mkasi wa kukata jeni, ile ya wanasayansi Doudna na Charpentier waliopata Nobel 2020. Wanaharibu jeni moja kwenye seli shina afu wanaikuza waone nini kimekosekana, kama fundi gari wa hapo Majengo anavyochomoa waya mmoja mmoja huku anasikiliza injini. Ukizima jeni inayoitwa NEUROG3 seli za homoni hazitokei, si beta si alfa zile za glukagoni. Na kuna utundu mmoja naupenda kwakweli: pale kwenye jeni ya insulini wanachomeka jeni ya yavuyavu wa baharini, seli ikianza tu kutengeneza insulini inawaka kijani kwenye hadubini.

Utasema si watumie panya. Wametumia sana, ila chukua jeni nyingine, GATA6, ambayo kila mmoja ana nakala mbili: panya akiharibika nakala moja anadunda tu, binadamu nakala hiyohiyo moja ikiharibika anaweza kuzaliwa hana kongosho kabisa! Panya asingekwambia hilo.

Kwahiyo hao wanaouza unga wa "seli shina" kwenye simu achana nao, matapeli. Hata hizo za maabara ukiwekewa leo kinga yako itazifuata tena, ndo maana waliopandikizwa wanameza dawa za kuituliza, so sindano usiruke hata moja.

Kaka yako anakuja Arusha Jumamosi na stripu za kupimia. Insulini mwambie matroni akuwekee kwenye friji, ila chini huko, isigusane na barafu.

Baba yako, Moshi