Sinywi, Usinywe

Silver Spring, Maryland

Mwanangu Rama,

Shemeji na watoto hawajambo? Huku baridi imeanza kung'ata, na mwenzio nimerudiwa na ule ugonjwa wa kununua CD za mtumba. Juzi nimeokota moja ya Minor Threat, vijana wa hapa hapa Washington. Walipiga ile rock ya fujo iitwayo panki. Najua wewe wa Mwanza utaniambia mapanki, yale mabaki ya sangara, yanaliwa, hayasikilizwi. Haya, cheka umalize.

Inaitwa "Complete Discography", ilitoka 1989, na humo wamekusanya nyimbo zao 26. Nilibandika maharage nikawasha redio: bendi ikazaliwa, ikagombana, ikafa, maharage bado magumu. Wenyewe walidumu tangu 1980 hadi 1983 tu. "Straight Edge" ni sekunde 46, unaisha hujapata hata pa kukaa, lakini ndio uliowapa jina vijana wa panki duniani wasiogusa pombe, sigara wala dawa za kulevya.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Mwimbaji wao, Ian MacKaye, ana wimbo mwingine wa kukataa mambo hayo hayo, "Out of Step". Kiingereza chake hakikutaja "mimi" waziwazi, kwa hiyo ukimsikia unaona kama unaamrishwa. Mpiga dramu, Jeff Nelson, akambana: hiyo "mimi" iwepo. Walipourudia mwaka 1983, MacKaye anaacha kuimba katikati, anaongea tu kama mtu aliyechoka kubishana, kwamba hawekei mtu sheria. Kwenye CD yapo matoleo yote mawili, la kwanza na la marudio, na mimi nilirudi nyuma mara tatu kuyasikiliza.

Kwa Kiswahili ugomvi huo usingezuka. "Sinywi" ni langu, "usinywe" ni lako. Ila mimi pale chumbani Sinza nililijua hilo la pili tu. Unakumbuka ile chupa uliyoificha kwenye ndoo ya nguo chafu? Niliimwaga chooni huku unatazama, na bumu, ile hela yetu ya chuo, lilikuwa limeshaisha. Hukusema neno. Ulichukua ndoo ukaenda kufua, saa nne usiku.

Sikuwahi kukuomba radhi, ndugu yangu. Nakuomba leo. Bado sinywi.

Wimbo wa mwisho, "Salad Days", waliurekodi Desemba 1983, bendi imeshavunjika. Una gita kavu na kengele, kitu ambacho usingekitegemea kwao, na unawasimanga wanaolilia siku za zamani. Mimi na wewe tumo.

CD nitampa mjomba, anakuja Dar mwezi ujao. Atakutumia kwa basi. Kama redio yako imekufa, azima ya shemeji, ila usiiwashe watoto wamelala.

Wako,
Seif