Mbona hatukupi saa ya kuondoka mpaka tuangalie mwezi?

Ujumbe tunaoupata sana ni wa namna hii: "Jumamosi tupo wanne, tunataka kwenda Msimbati kuona samaki, tutoke saa mbili turudi saa sita." Nasi, tunaopeleka watu kuelea kwa miwani ya majini na mrija juu ya matumbawe ya Msimbati, pwani ya Mtwara, hujibu kwamba tarehe ni sawa, saa tutawaambia. Wengine hununa. Kuna mmoja alituandikia kuwa tunaringa kama ofisi ya serikali. Haturingi, ni maji tu.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti yake yaweza kuzidi mita 3. Katika pwani yetu siku hizo maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku husogea mbele kama dakika 50, hata baada ya wiki moja hivi mambo yamegeuka: yanajaa saa nne ile ile ya asubuhi, ila sasa ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa hiyo saa nne ya Jumamosi hii si saa nne ya Jumamosi ijayo. Sisi tunapenda kukuingiza maji yakiwa yanajaa, maana hapo yanatoka bahari kuu yakiwa safi na unaona mbali. Yakiwa yanakupwa huburuta tope na takataka za ufukweni.

Oktoba iliyopita alikuja dada mmoja kutoka Nakuru, mhasibu, mara yake ya kwanza kutoka nje ya Kenya. Ziwa analijua, tena lile la heroe. Bahari aliwahi kuiona Mombasa, akaishia magotini. Tulimwandikia kwamba siku yake ni ya mwezi mpevu, aje mchana. Akasema hapana, asubuhi ndiyo ana nguvu. Saa nne kamili alikuwa pale mchangani ameshavaa mapezi. Bahari haikuwepo. Mbele yake kulikuwa na mchanga wenye mikunjo, nyasi bahari zimelala, na kwa mbali akina mama wameinama wakichokora pweza kwa vijiti.

"Sasa maji mmepeleka wapi?" akauliza.

Tukamkalisha chini ya mivinje, tukampa ming'oko, vile viazi vya porini, na chumvi ya pilipili. Ilipofika saa nane maji yalikuwa yamerudi, na yeye alikuwa ameshalala usingizi mmoja.

Hatukumpeleka kwenye matumbawe moja kwa moja, na hili nalo hulalamikiwa: "Nimelipia mwamba, mbona mnanifundisha kwenye mchanga?" Tunaanzia maji ya kiunoni, chini mchanga mtupu, umevaa boya. Akavaa miwani, akazamisha uso, akaibuka kama aliyemwagiwa ndoo. "Hii kitu inaleta maji!" Maneno hayo tunayasikia karibu kila safari, na mara nyingi miwani haina kosa. Kwake ilikuwa rasta. Uzi mmoja tu, mwembamba kama wa kushonea, ulikuwa umepita chini ya mpira kwenye panja la kushoto, na maji yakaufuata kama utambi wa taa. Kwa wanaume ni masharubu. Na kwa wote ni kicheko: ukicheka mashavu yanajikunja, mpira unaachia. Wengi hukimbilia kukaza mkanda mpaka paji la uso linabaki na chapa, na hapo ndipo miwani huvuja zaidi. Ijaribu hivi ukiwa bado nchi kavu: iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, uachie mkono. Ikinata, ni yako.

Ukungu kwenye kioo dawa yake ni mate. Ndiyo, mate. Temea ndani kioo kikiwa kikavu, sugua kwa kidole, suuza kidogo. Kwa wanaoona kinyaa tunabeba shampuu ya watoto.

Sasa pumzi. Pua yako imefungiwa ndani ya miwani, umebaki na mdomo na mrija. Mwili haujazoea, unahisi umekabwa, na mtu huanza kuhema kama aliyekimbizwa na mbwa. Pumzi fupi fupi hazisaidii: unavuta tena ile hewa uliyoitoa, iliyobaki kwenye mrija, na ndipo hofu inazidi. Nahodha wetu, mzee asiyependa maneno mengi, alisimama ubavuni mwake na kumshika kiwiko. "Taratibu mwanangu. Hewa ya Mungu haina foleni. Toa yote kwanza, halafu vuta." Watu wengi huchukua dakika kumi. Yeye alichukua ishirini na tano, na hatukuangalia saa.

Sababu ya kung'ang'ania mchanga ni hii: anayeshikwa na hofu husimama. Akisimama juu ya matumbawe, anavunja kitu ambacho aina zake nyingi za mviringo hukua sentimita moja hivi kwa mwaka, na mguu wake unachanika. Anayesimama mchangani hajadhuru kitu, anakohoa kidogo, anacheka, anarudia.

Alipofika mwambani alinyamaza. Kule chini kuna kelele, lakini si za mtu. Alitusimulia baadaye kuwa alisikia kama watu wanatafuna barafu. Hao ni samaki waitwao pono, wanamega mwamba kwa meno, na wanachomeza hutoka kwa nyuma kikiwa mchanga (sehemu ya ule mchanga mweupe unaoupigia picha imepita tumboni mwa samaki). Aliona samaki aina ya kangaja, aliona samaki-vipepeo wawili wawili, na akaapa kaona chewa wa mita nzima. Tukamwambia atoe robo, maana ndani ya maji macho huongeza ukubwa.

Tusikufiche: si kila sehemu utakayoona ni nzuri. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika pwani hii, na kabla na baada yake kuna waliovua kwa baruti na waliochoma matumbawe kupata chokaa. Kuna mahali utaelea juu ya vifusi vitupu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, na tunakupeleka ndani yake kwa sababu mwamba wa huko bado una uhai. Kiingilio cha hifadhi ni cha serikali, hakimo kwenye bei yetu. Njoo na kitambulisho, kwani raia na mgeni hawatozwi sawa.

Vaa tisheti ya mikono mirefu. Habari za kwamba sisi weusi hatuungui mgongo, waulize waliorudi Masasi wamelala kifudifudi kwenye basi. Mwenye pumu, shida ya moyo au ujauzito atuambie mapema, kwa siri akipenda. Aliyekunywa pombe anabaki mivinjeni, hata kama amelipa. Kusi likivuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, huenda tukaahirisha safari asubuhi ile ile na kukurudishia pesa. Kati ya Oktoba na mwanzo wa Desemba, kusi limekwisha na kaskazi haijashika, ndipo bahari hutulia kama maji ya beseni.

Ukituandikia, tupe tarehe, idadi ya watu, na utuambie kweli nani hajui kuogelea. Saa utaipata jioni hiyo hiyo, tukishafungua jedwali la maji. Yule dada wa Nakuru ameandika tena juzi, anataka kurudi na wadogo zake wawili. Safari hii hakutaja saa. Ameuliza mwezi utakuwa na siku ngapi.